Farasi Aliyewainamia Wakwe

Ukimfunga farasi shingo, mtaanguka wawili.

Vijana wa Lawai waliisikia methali hii Jumamosi, mwenyekiti wa kitongoji alipomwambia Baba Godlisten, ambaye alikuwa amemkataza mwanawe kwenda Moshi kujifunza ufundi wa magari. Baba Godlisten alinyamaza, akakuna kidevu, na mwisho akakubali. Vijana hawakuelewa mtu mzima anawezaje kunyamazishwa na farasi, tena katika kijiji ambacho mnyama mkubwa kuliko wote ni ng'ombe wa mchungaji. Wakaenda kwa Bibi Eliwaza, wakamkuta jikoni na mkungu mzima wa ndizi mbele yake.

"Methali hailiwi bure," Bibi akawaambia. "Kila mmoja achukue kisu, amenye. Mkiumaliza mkungu, na mimi nitakuwa nimemaliza."

Walipokwisha kukaa akaanza, na chanzo cha methali hiyo kilikuwa hiki.

Siku hizo lami ilikuwa imekwisha kufika, lakini nyinyi mlikuwa bado. Huko juu, kwenye mashamba makubwa ya ngano yanayopakana na msitu, walikuwapo farasi. Na hapa Lawai alikuwapo mtu mmoja aliyewajua farasi kuliko alivyowajua majirani zake, jina lake Anaeli Munuo. Alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, na kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na sita. Alijua kuchokonoa kwato, kutibu tumbo lililojaa gesi, na kumtuliza farasi mwenye hofu kwa kumpulizia pumzi puani. Mwenye shamba alipouza mali yake akarudi kwao, alimpa Anaeli farasi jike mmoja wa rangi ya asali awe zawadi ya kuagana. Farasi huyo aliitwa Bashasha.

Bashasha hakuwa farasi wa kazi. Alikuwa wa ule mchezo ambao watu hupanda farasi wakakimbizana uwanjani, wakigonga mpira kwa magongo marefu. Katika mchezo ule farasi hufungwa ukanda. Ukanda huo huanzia kwenye hatamu chini ya pua, hushuka kifuani, hupita katikati ya miguu ya mbele, ukafungwa kwenye mshipi wa tumbo. Kazi yake ni kumzuia farasi asirushe kichwa ghafla akampasua mpandaji uso. Uwanjani hauna ubaya. Pale pana nyasi tambarare, hakuna shimo wala gari, na kila kipindi ni cha dakika chache. Lakini Anaeli alipotoka kule shambani hakutoka na farasi peke yake, alitoka na ukanda pia.

Mwaka uleule binti wa Mwalimu Nkini akaolewa, na Mwalimu akamwomba Anaeli ampeleke bibi harusi kanisani juu ya farasi. Walipofika kwenye lango la kanisa, walikokuwa wamesimama wakwe, Bashasha alitaka kuinua kichwa autazame ule umati. Ukanda ukamvuta, kichwa kikashuka hadi kifuani. Akina mama wa upande wa bwana harusi waliona kitu kingine kabisa. Waliona farasi anawainamia.

"Jamani, huyu mnyama amefundwa," mmoja wao akasema. "Ana adabu kuliko wake za watoto wetu."

Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Tangu hapo haikutokea harusi Lawai bila Bashasha kuwainamia wakwe. Na mnajua watu, desturi haikawii kuzaa imani. Baada ya harusi tano wakaanza kusema kwamba farasi akiinua kichwa langoni, bibi harusi ataingia kwenye ndoa na kiburi. Mwenye kuanzisha maneno hayo hakujulikana, lakini walioyarudia walikuwa wengi.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na saisi akisifiwa huongeza tundu. Ukanda ule ulikuja na matundu manne. Anaeli akachukua msumari wa moto, akatoboa la tano ili ukanda uwe mfupi zaidi na farasi ainame zaidi. Harusi za mwaka uliofuata akatoboa la sita. Shingo ya Bashasha ikawa imepinda kama mkono wa birika, na watu walizidi kupendezwa. Anaeli naye alipendezwa. Alikuwa mtu mwema, tusimseme vibaya, lakini alipenda kupita katikati ya vigelegele akiwa ameshika hatamu, na mtu anayependa jambo kiasi hicho huwa haliangalii vizuri.

Sasa, Anaeli alikuwa na binti mmoja tu, Aikande. Alikuwa fundi cherehani Sanya Juu, mwenye maneno machache na mkono mwepesi. Tangu akiwa na miaka tisa alikuwa akimpanda Bashasha kwenye mashamba yaliyolala, bila ukanda na mara nyingine bila hata tandiko. Alikuwa akisema tangu utotoni kwamba siku ya kuolewa atakwenda kanisani juu ya Bashasha, au hataolewa. Watu walidhani ni utani wa mtoto. Akakua, akachumbiwa na Ombeni Lema, kijana wa watu, na akawa bado anasema vilevile.

Harusi ikiwa imebakiza mwezi, Aikande alimkuta baba yake anapaka mafuta ule ukanda.

"Baba, siku yangu nakuomba umwache shingo huru."

"Halafu akiinua kichwa mbele ya wakwe zako, watasemaje?"

"Watasema farasi ana shingo."

"Aikande, mimi nimekaa na farasi zaidi ya miaka ishirini na sita. Wewe umekaa na cherehani."

"Ni kweli, Baba. Na uzi wa cherehani ukikazwa mno hukatika."

Anaeli akamwambia yamekwisha. Aikande akasema, "Ndiyo, Baba," akaenda kumtekea Bashasha maji. Mtoto wa kike wa siku zile hakushindana na baba yake mara mbili kwa siku moja.

Zilipobaki wiki mbili, mshenga wa akina Lema alikuja kuikagua njia ya msafara. Aliitwa Mzee Ndanshau. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ya kupima kahawa kwenye chama cha ushirika, kwa hiyo alikuwa na tabia ya kuuliza kila jambo mpaka lilingane na mizani. Hakuwajua farasi hata kidogo. Alikuja kwa miguu, na koti lake zito kwenye jua, na Anaeli akaona ni heshima kumpokea barabarani akiwa juu ya Bashasha.

Hiyo njia mnaijua. Kutoka kwa akina Munuo hadi kanisani ni lazima uifuate barabara ya lami karibu nusu maili, kwa sababu mto una daraja moja tu. Kando ya lami pana ukingo wa changarawe, na baada ya changarawe pana mtaro wa mawe wa kupitishia maji ya mvua, unaofika kiunoni mwa mtu mzima. Asubuhi ile, kwa kuwa mgeni ni wa upande wa wakwe, Anaeli aliukaza ukanda mpaka tundu la sita.

Alimwona Mzee Ndanshau kwa mbali, akampungia mkono. Wakati huohuo lori la magogo likatokea nyuma likishuka kutoka msituni. Dereva alipiga honi, kama madereva wapigavyo wakitaka kusema nipo. Bashasha akaisikia honi lakini hakuweza kuinua kichwa aone inakotoka. Kitu kinachonguruma na hukioni kinatisha kuliko unachokiona, hata kwa binadamu. Akaenda upande, upande tena, na mguu wa nyuma ukakosa changarawe, ukaingia mtaroni.

Farasi akiteleza hutupa shingo. Ndiyo mkongojo wake. Huiinua, huinyoosha, huipeleka upande huu na huu mpaka asimame sawa. Bashasha alijaribu. Ukanda ukamkatalia. Akajaribu tena, akaanguka kwa ubavu ndani ya mtaro, na Anaeli chini yake, mguu mmoja ukiwa umebanwa kati ya tandiko na mawe.

Lori lilikwisha pita. Mzee Ndanshau akafika mbio, koti likipepea, akakuta mtu na mnyama wamelala pamoja mtaroni kama mizigo miwili ya kahawa.

"Umeumia, Munuo?"

"Mguu. Lakini simwelewi huyu, mbona hainuki?"

Bashasha alikuwa akihangaika. Alikuwa akipiga kwato, akiguna, tumbo likipanda na kushuka, na kila alipotaka kuinuka alirudi chini. Na kila aliporudi aliuminya mguu wa Anaeli.

Mzee Ndanshau alimtazama yule farasi, akauliza swali lake la mtu asiyejua. "Kwani farasi huanza kuinuka kwa kiungo gani?"

"Kwa kichwa," Anaeli akajibu. "Anakirusha kichwa kwanza, halafu..."

Akautazama ukanda. Alikuwa ametoa jibu ambalo alilijua tangu ujana wake, na jibu lenyewe lilikuwa limefungwa kifuani mwa farasi kwa mkono wake mwenyewe.

"Mzee wangu," akasema, "una kisu?"

Mzee Ndanshau alikuwa na kisu kidogo cha kukatia kamba za magunia. Akaingia mtaroni, akaukata ukanda mara mbili, maana ulikuwa ngozi nzuri iliyopakwa mafuta kila wiki. Kichwa cha Bashasha kikaruka juu, shingo ikanyooka, akainuka kwa mkupuo mmoja, akapanda kwenye changarawe, akasimama anatetemeka. Hakukimbia. Aligeuza shingo yake huru, akamtazama Anaeli pale chini.

Mzee Ndanshau alibaki na vipande vya ukanda mkononi. Alivipima urefu kwa macho, akayahesabu matundu.

"Munuo, ina maana siku zote zile hakuwa anatuinamia?"

"Hapana, Mzee."

"Alikuwa amefungwa."

"Alikuwa amefungwa," Anaeli akasema, na aibu aliyoisikia ilizidi maumivu ya mguu.

Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika. Bashasha alichubuka magoti na ubavu, akapona kabla ya bwana wake. Lakini habari ya kuanguka haina kifundo cha kuvunjika, ilifika kwa akina Lema jioni ileile, na wakatuma ujumbe wa upole kwamba bibi harusi ataletewa gari. Aikande alipoambiwa hakulia wala hakubisha. Alikaa kwenye cherehani yake akaendelea kushona gauni, na nyumba nzima ikasikia jinsi alivyokuwa akiikanyaga ile cherehani.

Siku ya tatu Anaeli aliamka na fimbo yake, akachechemea hadi kwenye uzio, akachuma jani la isale. Mnajua isale kwetu ni kitu gani. Mtu akikukosea akakuletea jani hilo, huna budi kulipokea, na kumkatalia radhi huwezi. Lakini mtoto ndiye humletea mzazi. Anaeli alipoingia nalo ndani akaenda moja kwa moja hadi penye cherehani, mkewe aliyekuwa akipepeta mahindi aliacha kupepeta.

"Baba, hili ni la nani?" Aikande akauliza.

"Lako. Ulisema, nami sikusikia."

Aikande alisimama, akalipokea kwa mikono miwili na machozi yakamtoka. Anaeli naye akajifuta uso. Kisha binti akasema, "Nimelipokea, Baba. Basi nitampanda."

"Hapana. Hilo ni jani la radhi, si la ruhusa. Barabara ni ileile na malori ni yaleyale. Utakwenda kwa gari."

"Sawa," Aikande akasema. "Kumbe umeufungua ukanda wa Bashasha ili uje kunifunga mimi."

Mama yake akacheka kwa sauti, akaurudia ungo wake. Anaeli alitafuta jibu. Alilitafuta siku nzima, na usiku akakubali kwamba hakuna. Asubuhi akamwambia binti yake, "Nipe siku hizi zilizobaki. Nikiona hafai barabarani, nitasema hafai, nawe utanisikiliza."

"Nitakusikiliza, Baba."

Basi kila asubuhi Anaeli alikaa kwenye kigoda shambani, mguu umefungwa bandeji, na Bashasha akila nyasi karibu naye akiwa na kamba ndefu tu. Siku ya kwanza walikaa mbali na barabara, mahali lori linapoonekana dogo. Likipita, Bashasha huinua kichwa juu kabisa, masikio mbele, akalitazama mpaka lipotee. Halafu hupumua kwa nguvu, akarudi kwenye nyasi. Siku ya pili wakasogea. Siku ya tano walikuwa hatua thelathini kutoka kwenye lami, na mwishoni mwa juma walikuwa kwenye changarawe yenyewe. Kila mara ilikuwa vilevile: anainua kichwa, anatazama, anapumua, anaendelea kula.

Miaka yote hiyo Anaeli alikuwa ameamini kwamba farasi anayeinua kichwa anataka ukaidi. Kumbe farasi alikuwa anataka kuona tu. Mzee mzima alikaa pale kwenye kigoda akajicheka peke yake, na wapita njia wakasema kuvunjika mguu kumemharibu.

Mwishowe akasema anafaa, na Mzee Ndanshau akawapelekea akina Lema ujumbe kwamba gari lisiletwe. Siku ya harusi ikafika, na hapo tena hakucheka. Anaeli aliogopa. Aliogopa kwa sababu aliyekuwa juu ya tandiko alikuwa mtoto wake wa pekee, na kama angeanguka, hakuna mshenga wala isale ambayo ingemrudisha. Lakini aliyatumia maarifa yake yote. Alimweka shemeji yake mbele ya msafara na kitambaa chekundu, na mpwa wake nyuma na kingine. Aliagiza watu watembee kando ya changarawe, kati ya farasi na mtaro asiwepo mtu, na akina mama wasiimbe mpaka wavuke daraja. Hilo la mwisho liliwauma sana akina mama.

Bibi harusi naye alikuwa kituko. Gauni alilishona mwenyewe, pana, ili akae kwenye tandiko miguu huku na huku. Alivaa buti zenye kisigino, zisipenye kwenye vikuku vya kukanyagia vya tandiko, na viatu vyeupe vikabebwa na mama yake kapuni. Kichwani alivaa kofia ngumu ya usaisi ya baba yake, na shela akaibana juu ya kofia kwa pini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Aikande alicheka pamoja nao, na kofia hakuivua.

Walikuwa wamebakiza hatua mia kufika darajani, karibu kabisa na pale Anaeli alipoanguka na Bashasha, lori likaja. Dereva aliona kitambaa chekundu, akapunguza mwendo kama mtu mwenye adabu. Lakini turubai lake lilikuwa limefunguka kona moja, na lilipowafikia, upepo ukalipiga likapasuka kwa mlio kama wa bunduki.

Bashasha alirusha kichwa juu. Anaeli alikuwa akichechemea pembeni ya bega lake, na mkono wake ukainuka wenyewe kuikamata hatamu na kukivuta kichwa chini, kama alivyofanya maelfu ya mara.

"Mwache, Baba," Aikande akasema. Hakupaza sauti. Alikuwa amekwisha kulegeza vigwe, zile kamba za hatamu alizozishika.

Maishani mwake Anaeli hakufanya kazi ngumu kama ile, kuurudisha mkono ule chini. Aliurudisha. Aliuficha nyuma ya mgongo wake akaushika kwa mkono wa pili, fimbo ikaanguka.

Bashasha alikwenda upande. Ukwato wa nyuma ukafika ukingoni mwa mtaro, mawe mawili yakabingirika ndani, na akina mama wakafunika macho. Farasi akaipeleka shingo mbele, akaipeleka kulia, akajipata. Kisha akauangalia mtaro vizuri, kama mtu anayepima kabla ya kuruka, akauruka, akatua shambani ng'ambo na bibi harusi yake mgongoni. Akasimama hapo. Aligeuza kichwa akalitazama lori, akapumua kwa nguvu, akainama kung'ata jani la mahindi ya watu.

Mzee Ndanshau, aliyekuwa nyuma ya msafara, alivua kofia yake. Shela ilikuwa imening'inia kwenye sikio la Aikande.

"Mama, nirekebishie shela," akasema. "Twendeni, tunachelewa."

Na akina mama waliokatazwa kuimba wakaimba, daraja likiwa bado mbele, na Anaeli hakuwakataza, kwa kuwa alikuwa analia.

Langoni mwa kanisa akina Lema walikuwa wamesimama kwa safu, wakingoja kuinamiwa. Bashasha alikuja akiwa ameinua kichwa juu kuliko kofia za watu wote. Aliwatazama wa kulia, akawatazama wa kushoto. Vigelegele vilivyokuwa tayari vikasita midomoni, maana kila mtu alikumbuka ile imani ya kiburi. Mama mzazi wa Ombeni, mwanamke mwenye heshima zake, akasogea hatua moja.

"Leo hainami?" akauliza.

"Leo hainami, Mama," Aikande akajibu kutoka juu. "Leo anawatazama."

Mama Ombeni alifikiri kidogo. Akasogea tena mpaka akawa mbele ya uso wa farasi, akaweka sawa kilemba chake. "Basi na anione vizuri," akasema, na yeye ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Baada ya ibada na baada ya chakula, ukafika wakati wa baba wa bibi harusi kumpa mkwewe wosia. Watu walijikalia vizuri, kwa sababu Anaeli alisifika kwa maneno, na harusi nyingine alikuwa akisema mpaka supu inapoa. Alisimama kwa fimbo yake, bandeji mguuni. Alimtazama Ombeni, akamtazama na binti yake, ambaye sasa alikuwa amevaa viatu vyeupe.

"Mwanangu Ombeni," akasema, "mimi ninachokijua ni farasi tu. Ukimfunga farasi shingo, mtaanguka wawili."

Akakaa. Watu walingoja aendelee, wakaona haendelei. Ombeni aliutazama ule mguu wenye bandeji, kisha akageuka kumtazama mkewe.

"Nimesikia, Baba," akajibu. "Tutaanguka wawili."

Mzee Ndanshau ndiye aliyeyatoa maneno hayo harusini akayapeleka kwenye chama cha ushirika, na kutoka chama yakaenda mnadani, na kutoka mnadani yakaingia katika kila nyumba yenye baba mkali, mume mwenye wivu au bosi asiyemwacha mtu afanye kazi yake. Farasi wamekwisha huku kwetu. Shingo za kufunga bado zipo nyingi, na Baba Godlisten alikuwa ameshika mojawapo Jumamosi ile, ndiyo sababu alinyamaza. Ukimfunga farasi shingo, mtaanguka wawili.